Mguu Usiouma: Kisukari na Vidonda vya Miguu katika Vijiji vya Bukene

Kila mwaka tarehe 14 Novemba dunia huadhimisha Siku ya Kisukari. Kwetu Bukene siku hiyo huangukia pale mvua za kwanza zinapoanza kunyesha, plau zimeshaingia shambani, na hakuna mwenye nafasi ya kukaa chini ya mwembe kusikiliza semina ya afya. Lakini ni majira hayohayo, tangu Novemba hadi Aprili, ambapo mguu wa mgonjwa wa kisukari hukutana na hatari nyingi kuliko wakati mwingine wowote: matope ya majaruba ya mpunga, visiki, miiba, jembe lililoteleza. Tena ni majira ambayo mtu akijeruhiwa husema, "Nitakwenda zahanati palizi ikiisha." Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kuliandika jambo hili kwa kirefu, ili lisomwe katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo jioni, watu wakiwa wamerudi kutoka mashambani.

Wazee wetu walijulikana kwa miguu yao. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, na kabla ya tawi la kwenda Mwanza, lililokamilika mwaka 1928, kupita hapa Bukene, mali yote ya bara ilisafiri juu ya mabega ya wapagazi. Wanyamwezi waliibeba kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, mwendo wa kilomita zipatazo 800, kisha wakarudi na bidhaa za pwani. Mpagazi aliyeumia mguu alikuwa amekwisha kupoteza kazi yake, na pengine uhai wake, maana msafara haukumngoja mtu. Njia hizohizo za misafara zilisambaza pia funza, mdudu aliyeingia Afrika kutoka Amerika ya Kusini kupitia pwani ya magharibi na kulivuka bara lote katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Kwa hiyo habari ya vidonda vya miguu katika nchi hii si ngeni. Kilicho kigeni ni kidonda kisichouma.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa ugonjwa huu. Tumezoea kuyapima maradhi kwa maumivu. Kinachouma tunakishughulikia, kisichouma tunakiacha. Kisukari hukipindua kipimo hicho. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka mingi huiharibu mishipa ya fahamu, na mishipa iliyo mirefu kuliko yote, ile iendayo hadi kwenye vidole vya miguu, ndiyo hutangulia kuharibika. Mwanzoni mtu huhisi ganzi, au kama anachomwachomwa na sindano, au miguu kuwaka moto usiku. Baadaye hisia hizo hupungua, naye hufurahi akidhani amepona, kumbe mshipa umekufa. Tangu siku hiyo anaweza kukanyaga msumari asubuhi na kuugundua jioni anapovua kiatu.

Mishipa iliyoharibika hufanya mengine mawili ambayo watu wengi hawayafahamu. Misuli midogo ya mguu hudhoofika, vidole hujikunja kama kucha za ndege, na uzito wote wa mwili hubaki juu ya sehemu ndogo ya unyayo. Sehemu hiyo huota sugu. Sugu nene hukandamiza nyama iliyo chini yake kama kokoto ndani ya kiatu, mpaka nyama ile inachanika kwa ndani kabla ngozi ya juu haijaonyesha lolote. Pili, mguu huacha kutoa jasho. Ngozi hukauka, kisigino hupasuka magaga, na kila mpasuko ni mlango wa wadudu wa maradhi. Tukiongeza hapo kwamba kisukari huifanya mishipa ya damu kuwa myembamba, na kwamba sukari nyingi huudhoofisha ulinzi wa mwili, tunaona kwa nini mchubuko ambao kijana mzima angeusahau baada ya siku nne waweza kumwondolea mzee mguu.

Kanisa lina mtakatifu aliyelijua jambo hili katika mwili wake mwenyewe, ijapokuwa kwa ugonjwa mwingine. Padre Damiani wa Molokai, aliyewahudumia wakoma katika visiwa vya Hawaii, aliingiza mguu wake katika maji ya moto siku moja ya Desemba 1884. Ngozi iliungua, naye hakuhisi kitu. Kwa kutohisi huko alitambua kwamba ukoma umempata. Alifariki tarehe 15 Aprili 1889, na Baba Mtakatifu Benedikto XVI alimtangaza mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Ukoma na kisukari ni magonjwa mawili tofauti kabisa, na kisukari hakiambukizi mtu yeyote, lakini mguu wa wagonjwa hao wawili huharibika kwa njia moja: umepoteza maumivu, na pamoja na maumivu umempoteza mlinzi. Daktari Mwingereza Paul Brand, aliyefanya kazi miaka mingi kati ya wakoma huko Vellore, India, alionyesha kwamba vidole na nyayo zao hazikuwa zikioza zenyewe kama watu walivyoamini. Zilikuwa zikiumizwa kila siku na mwenye mguu asiyejua kwamba anaumia. Katika miaka ya 1960 alihamia hospitali ya wakoma ya Carville, Marekani, na mafunzo yake yakaanza kutumika kwa wagonjwa wa kisukari. Maumivu, alisisitiza, ni zawadi. Sisi tulio wakulima tunaelewa: mbwa anayebweka usiku huudhi, lakini nyumba isiyo na mbwa ndiyo hubomolewa.

Huenda msomaji akasema kwamba kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Zamani maneno hayo yalikuwa na ukweli fulani. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha matokeo ya upimaji walioufanya katika vijiji vya mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, nao wakakuta wenye kisukari hawafiki hata mtu 1 katika kila watu wazima 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta takribani 9 katika kila 100 wenye umri kati ya miaka 25 na 64. Njia za kupima hazikuwa zilezile, wala watu waliopimwa hawakuwa wa namna moja, kwa hiyo tarakimu hizi mbili hazilinganishwi kama magunia mawili juu ya mzani mmoja. Lakini mwelekeo wake haufichiki. Bodaboda imechukua nafasi ya mguu, soda imefika kila genge, na hata mkulima mwembamba asiyekula nyama ila siku ya Noeli na Pasaka anaweza kuugua. Tusimhukumu mgonjwa kwa kumwambia amejiletea. Wapo walioupata ugonjwa huu wakiwa watoto, na wapo walioupata katika damu ya ukoo.

Mambo huenda namna hii mara nyingi. Mama wa miaka hamsini na kitu anakojoa mara kwa mara usiku, ana kiu, amepungua mwili. Hajapimwa sukari hata siku moja. Msimu wa kupanda mpunga anasimama katika jaruba pekupeku. Anaporudi, mtoto anaona damu sakafuni. Mama anacheka: haumi. Anaosha, anapaka majivu. Baada ya juma moja mguu umevimba. Jirani analeta vidonge vya rangi mbili vilivyonunuliwa dukani, vinafunguliwa na unga wake kunyunyizwa juu ya kidonda. Juma la pili harufu inaanza, na mama anaacha kwenda Misa kwa aibu. Sasa yanatokea maneno mengine: amekanyaga kilichotegwa njiani, kuna mtu hakufurahia mavuno yake. Anapelekwa kwa mfumu, mbuzi anauzwa, kidonda kinafungwa kwa majani. Anapofikishwa hospitali ni juma la sita, kidole ni cheusi, homa iko juu. Daktari anasema mguu ukatwe. Familia inaondoka naye, kwa kuwa "hospitali wanakata miguu".

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayotusumbua kuliko yote, kwa sababu yanajithibitisha yenyewe. Kwa kuogopa kukatwa, watu wanachelewa. Kwa kuchelewa, wanakatwa. Na kila anayerudi kijijini bila mguu huongeza hofu ya wengine. Madaktari wa Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Mwanza chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, walichapisha mwaka 2011 habari za wagonjwa 136 wenye vidonda vya miguu vya kisukari waliowatibu. Wengi walikuwa wamefika kidonda kikiwa kimekwisha kwenda mbali. Kukata kiungo ndiyo ilikuwa operesheni iliyofanyika zaidi, na takribani wagonjwa 13 katika kila 100 walifariki. Hospitali haikuwaletea hayo. Waliyabeba kutoka nyumbani. Katika nchi mbalimbali imeonekana kwamba zaidi ya watu 80 katika kila 100 wa kisukari wanaokatwa mguu walianza na kidonda cha kawaida tu, ambacho kingeweza kutibiwa.

Hapa tuseme neno juu ya mahubiri fulani yanayosikika siku hizi katika viwanja vya minada na kwenye redio. Wapo wahubiri wanaomtaja mfalme Asa wa Yuda, ambaye Kitabu cha Pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 16, kinasema aliugua miguu na kuwategemea waganga bila kumtafuta Bwana. Kwa habari hiyo huwaambia wagonjwa waache dawa. Hiyo si tafsiri ya Kanisa. Kosa la Asa lilikuwa kumwacha Mungu, jambo alilokwisha kulianza katika vita na siasa zake kabla hata miguu haijamuuma. Kwenda kwa tabibu halikuwa kosa lake. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, amewaweka tabibu, mtengeneza dawa na sala ya mgonjwa mahali pamoja, kila kimoja kikiwa kazi ya Mungu. Msamaria mwema alitumia mafuta na divai, dawa za siku zile, kisha akalipia malazi. Tunawaombea wagonjwa wetu, nao hupokea Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa, ambao haungoji mtu awe katika kukata roho. Anayekwenda kufanyiwa operesheni kubwa anaustahili. Lakini hatujasikia padre anayempaka mgonjwa mafuta kisha akamwambia asifungwe kidonda.

Kuhusu waganga wa jadi tungependa kuwa wa haki. Wapo wazee wanaojua mizizi na majani, na Kanisa halina ugomvi na dawa ya asili kwa kuwa ni ya asili. Ugomvi wake ni na ramli, yaani kumtafuta mchawi, ambayo huugawanya ukoo na kumpotezea mgonjwa majuma yale machache ambayo mguu ungeweza kuokolewa. Hata asali yetu ya Tabora, ambayo hospitali kadhaa duniani hutumia ya namna yake iliyosafishwa rasmi kufunga vidonda, haiwezi kushusha sukari wala kuondoa uzito wa mwili juu ya kidonda. Ya sokoni, ambayo hatujui imechanganywa na nini, iachwe kwenye chai, tena si chai ya mwenye kisukari.

Basi matibabu yenyewe ni nini? Kwanza sukari hupimwa na kushushwa. Mara nyingi mgonjwa hupewa insulini kwa muda hata kama alikuwa akimeza vidonge, naye asidhani kwamba akichomwa mara moja ndiyo amefungwa maisha. Kidonda huoshwa, na nyama iliyokufa pamoja na sugu inayokizunguka hukatwa. Hatua hii huwatisha ndugu, maana kidonda huonekana kikubwa kuliko kilivyokuja. Lakini nyama iliyokufa haitapona, na chini yake usaha hujificha. Daktari hushika mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya fundo, hupiga picha kuona kama mfupa umeguswa, hutoa dawa za kuua bakteria na sindano ya pepopunda. Kidonda hufungwa upya kila siku au kila baada ya siku kadhaa kama muuguzi anavyoelekeza.

Halafu linakuja jambo lililo rahisi kuliko yote kulitaja na gumu kuliko yote kulitenda: mguu usikanyagwe. Kidonda cha chini ya unyayo kinachotembelewa hakiponi, hata kikifungwa kwa dawa ya bei gani. Kila hatua moja hukisaga upya. Ndiyo maana katika vituo vyenye wataalamu mgonjwa hufungwa plasta ngumu, kama afungwayo aliyevunjika mfupa, iliyoundwa kufuata umbo la mguu wake ili uzito usambae pote. Njia hiyo nayo ilitoka kwa wakoma. Haifai kwa kila mgonjwa, hasa mwenye usaha mwingi au mguu usiofikiwa na damu vizuri, na haifungwi nyumbani. Pasipokuwa na plasta, magongo na kukaa chini vinabaki kuwa dawa. Sisi tunaowajua mama zetu wa Bukene tunaelewa ombi hilo lina uzito gani: asiteke maji, asiende shambani, asipike, kwa majuma sita, nane, au zaidi. Hawezi kulitimiza peke yake. Hapo ndipo Jumuiya inapoweza kufanya kile ambacho hospitali haiwezi: zamu ya maji, zamu ya kuni, siku moja ya palizi katika shamba la mgonjwa. Tumezoea kukusanyika hivyo kwenye msiba. Tungekusanyika mapema kidogo, misiba ingepungua.

Wakati mwingine kukatwa hakuepukiki. Kidole kilichokuwa cheusi, mfupa uliooza, maambukizi yanayopanda kuelekea goti na kutishia kuingia katika damu yote, hayo hayangoji. Kidole kimoja kikiondolewa siku ya leo huenda kikauokoa mguu. Mguu chini ya goti ukiondolewa huenda ukamwokoa mtu. Aliyekatwa chini ya goti anaweza kutembea kwa mguu wa bandia, na nchi yetu ina mafundi wake: chuo cha kuwafundisha mafundi hao, TATCOT, kilifunguliwa Moshi mwaka 1981, penye hospitali ya KCMC. Na mguu uliobaki sasa unabeba kazi ya miwili, kwa hiyo unastahili kuangaliwa mara mbili.

Habari njema ni kwamba Tanzania si mwanafunzi tu katika somo hili. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake wametumia miaka mingi kuchunguza miguu ya wagonjwa wa kisukari wa nchi hii, nao ndio walioandika habari ambazo vitabu vya Ulaya havikuwa nazo, kwa mfano wagonjwa wanaotafunwa vidole na panya usiku wakiwa wamelala, bila kuamka. Msomaji wa Ulaya huenda alishangaa. Sisi tunaoweka magunia ya mpunga na karanga katika chumba tunacholala hatushangai hata kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianzishwa Tanzania na India mpango ulioitwa Hatua kwa Hatua, ambapo daktari na muuguzi wa kituo kimoja walifundishwa pamoja, wakarudi kwao na vifaa rahisi, kisha wakafundisha wengine. Waliouendesha waliripoti kwamba ukataji wa miguu ulipungua katika vituo vilivyoshiriki. Vifaa vilikuwa vichache: kisu cha kuondoa sugu, uzi wa nailoni wa kupimia hisia, na elimu.

Uzi huo ukikosekana, kipo kipimo ambacho kinaweza kufanyika nyumbani kwa kidole tu, kilichobuniwa katika mji wa Ipswich, Uingereza. Mgonjwa afumbe macho. Mguse kwa wepesi sana, kwa sekunde moja au mbili, ncha ya kidole gumba cha mguu, cha katikati na cha mwisho, mguu wa kulia na wa kushoto. Usibonyeze wala kupapasa. Aseme kila anapohisi. Akikosa kuhisi mara mbili au zaidi katika hizo sita, hisia zake zimepungua, na tangu siku hiyo aiangalie miguu yake kama vile anavyoangalia macho yake. Mjukuu wa darasa la nne anaweza kukifanya.

Kuangalia miguu ni kazi ya kila jioni. Mwenye goti gumu atumie kioo kilichowekwa sakafuni, au aombe msaada. Maji ya kuoshea yapimwe kwa kiwiko cha mkono au na mtu mwingine, kamwe si kwa mguu wenyewe. Kumbuka Padre Damiani. Akaushe vizuri katikati ya vidole, apake mafuta kisiginoni na juu ya mguu, lakini pale katikati ya vidole pasipakwe, maana unyevunyevu huleta fangasi. Kucha zikatwe kwa kunyooka. Sugu isikatwe kwa wembe. Mwezi wa Juni na Julai, baridi inapoingia, asiote moto kwa miguu. Bomba la moshi la pikipiki limewaunguza wengi ndama ya mguu, na asiyehisi huendelea na safari. Funza watolewe na mtu mwenye mikono safi na sindano safi, na sakafu ya vumbi inyunyiziwe maji na kufagiliwa.

Viatu vinahitaji maneno zaidi, kwa kuwa hapa fedha inaingia. Viatu maalumu vya wagonjwa wa kisukari ni ghali na havipatikani Bukene. Kiatu cha kawaida chenye nafasi ya kutosha kwa vidole, kisicho na mshono unaokwaruza ndani, kilichovaliwa na soksi, kinatosha kwa wengi. Kinunuliwe jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo. Kandambili hazifai, kwani ule mpira wa katikati hukata kati ya vidole na mwenye ganzi huziacha njiani bila kujua. Katambuga ya tairi ina soli ambayo mwiba haupenyi, na kwa hilo tunaisifu, lakini misumari yake ipapaswe kwa mkono kila asubuhi, kwa kuwa huchomoza. Kiatu cho chote kikung'utwe kabla ya kuvaliwa.

Akiona kidonda, hata kidogo, aende zahanati au kituo cha afya siku hiyohiyo au kesho yake. Mguu ukivimba na kuwa na joto, ukitoa harufu, ukigeuka rangi, au homa ikipanda, asilale tena nyumbani. Apelekwe hospitali, iwe ya Nzega, ya Ndala au ya Mkoa pale Kitete. Mguu uliovimba wenye joto bila kidonda nao usidharauliwe, kwani huenda mifupa yake inavunjika kimyakimya. Na aliyepona asisahau: kati ya wagonjwa 100 ambao vidonda vyao vimefunga, karibu 40 hupata kingine ndani ya mwaka mmoja.

Tumeulizwa mara nyingi kuhusu Kwaresima, basi tujibu. Sheria ya kufunga huwabana walio na umri wa miaka 18 hadi mwanzo wa mwaka wa 60, nayo haimdai mgonjwa ahatarishe afya yake. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge asiruke mlo bila kuzungumza na tabibu, maana sukari inaweza kushuka ghafla: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Hapo apewe sukari au soda mara moja, hata kama ni Ijumaa Kuu. Anaweza kujinyima kitu kingine. Saa moja ya kufunga kabla ya Komunyo haivunjwi na maji wala dawa, na mgonjwa, mzee na wanaowauguza wanaruhusiwa kupokea hata kama wamekula ndani ya saa hiyo.

Wale waliozoea kufuata Njia ya Msalaba pekupeku, au kuvua viatu wanapokwenda kuuabudu Msalaba, waendelee kama miguu yao ina hisia. Mwenye ganzi avae viatu, na viongozi wa kigango wamweleweshe mtu ye yote anayemnong'ona. Na pale Alhamisi Kuu wanapochaguliwa watakaooshwa miguu, mwenye kisukari asiachwe nje kwa sababu ya kidonda chake; akae kwenye benchi pamoja na wenzake, aoshwe mguu ulio mzima kwa maji ya vuguvugu, na ule mwingine ubaki na bandeji yake.